Maswali ya Wasomaji: Oktani Ipi Inaifaa Injini ya Gari Lako?

Barua nyingi za safari hii zimegusa jambo moja, nalo ni namba zinazoandikwa kwenye pampu za petroli. Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi, na tumezifupisha pasipo kubadili maana.

SWALI: Gari langu hutumia petroli ya oktani 91, kama kitabu chake kinavyoelekeza. Jirani yangu ananiambia kwamba nikihamia 95 au 98 litavuta vizuri zaidi, litakula mafuta kidogo na injini itadumu. Je, ni kweli kwamba petroli ya namba kubwa ina nguvu kuliko ya namba ndogo?

JIBU: Si kweli, ndugu msomaji, na ingawa jirani yako anakutakia mema, ushauri wake utakuongezea gharama pasipo faida. Namba ya oktani haipimi nguvu iliyomo ndani ya petroli. Lita moja ya oktani 91 na lita moja ya oktani 98 hubeba nishati inayokaribiana sana, na tofauti ndogo inayoweza kuwepo hutokana na viambato vilivyochanganywa kiwandani, wala haipandi pamoja na namba. Ethanoli ni ushahidi mzuri wa jambo hili, kwa kuwa oktani yake inapita 100, ilhali nishati iliyomo katika lita yake moja ni pungufu ya ile ya petroli kwa takriban theluthi moja. Kinachopimwa na oktani ni ustahimilivu, yaani kiasi ambacho petroli iliyochanganyika na hewa inaweza kugandamizwa na kupashwa joto kabla haijajiwakia yenyewe.

Injini ya petroli huvuta mchanganyiko wa hewa na petroli ndani ya silinda, pistoni hupanda na kuugandamiza, na karibu na mwisho wa kupanda huko plagi hutoa cheche. Moto unatakiwa uanzie kwenye plagi na kusambaa kwa mpangilio hadi kwenye kuta za silinda, ukiisukuma pistoni chini. Hata hivyo, kadiri moto unavyosambaa ndivyo unavyoubana na kuupasha joto ule mchanganyiko ambao haujafikiwa bado, na joto hilo likipita uwezo wa petroli wa kustahimili, sehemu yote iliyobaki hujiwakia kwa ghafla kabla ya moto kuifikia. Mawimbi makali ya shinikizo huzipiga kuta za silinda na uso wa pistoni, na huko ndiko kugonga kwa injini ambako mafundi hukuzungumzia. Petroli ya oktani kubwa huchelewa kufikia hatua hiyo, na kazi yake inaishia hapo.

Watu wengi huchanganya sababu na matokeo kwa kuwa wanaona magari yenye nguvu yakijazwa petroli ya namba kubwa. Magari hayo huihitaji kwa sababu injini zake zimeundwa kugandamiza zaidi, na kugandamiza zaidi huleta faida ya kweli. Kwa hesabu ya nadharia, injini yenye uwiano wa mgandamizo wa 8 kwa 1, yaani inayoubana mchanganyiko hadi sehemu moja ya nane ya nafasi yake ya awali, inaweza kugeuza takriban asilimia 56 ya joto kuwa kazi, ilhali ile ya 10 kwa 1 hufikia asilimia 60. Barabarani viwango huwa chini sana ya hapo, lakini ubora wa ile ya pili hubaki palepale. Faida hiyo imo katika umbo la pistoni na silinda, na haiwezi kuongezwa kwa kubadilisha pampu unayojazia. Injini yako iliyoundwa kwa oktani 91 haifiki katika joto na shinikizo ambavyo vingeishinda petroli hiyo, na kwa hiyo ustahimilivu wa ziada unaoununua hautumiki. Chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilifanya majaribio mwaka 2016 kwa kutumia petroli ya daraja la juu katika magari yaliyoundwa kwa petroli ya kawaida, na hakikuona faida yoyote ya maana katika nguvu, matumizi ya mafuta wala moshi.

Kuhusu kudumu kwa injini, baadhi ya kampuni huweka viambato vingi zaidi vya kusafisha nozeli na valvu katika petroli yao ya bei ya juu. Viambato hivyo ni vizuri, lakini havihusiani na oktani, na vinaweza kuwekwa katika petroli ya namba yoyote.

SWALI: Nimenunua gari lililotumika, lililoagizwa kutoka nchi ya mbali. Kitabu chake kinataja oktani 87, lakini vituo ninavyojazia mafuta vina 91 na 95 pekee. Je, ninaiharibu injini kwa kuipa namba kubwa kupita kiasi?

JIBU: Hapana, haiharibiki, na huenda hata hujaizidishia. Dunia ina vipimo zaidi ya kimoja vya oktani, na namba isiyotajwa kipimo chake inaweza kumpotosha mtu vibaya.

Msingi wa vipimo vyote ni mmoja. Kimiminika kiitwacho isooktani, ambacho hustahimili sana, kilipewa 100, na heptani, ambayo hugonga upesi, ikapewa 0. Petroli ikiitwa 95, maana yake ni kwamba katika injini maalumu ya maabara yenye silinda moja hugonga sawasawa na mchanganyiko wa asilimia 95 ya isooktani na asilimia 5 ya heptani. Tofauti huja katika namna ya kuiendesha injini hiyo. Kipimo cha RON huiendesha kwa mizunguko 600 kwa dakika katika hali ya upole, na kipimo cha MON huiendesha kwa mizunguko 900 huku mchanganyiko ukiwa umepashwa joto hadi karibu nyuzi 150 za Selsiasi, jambo ambalo ni adha kubwa kwa petroli. Kwa sababu hiyo petroli ileile hupata namba ndogo ya MON kuliko ya RON, mara nyingi kwa tofauti ya 8 hadi 10. Nchi nyingi, zikiwemo za Ulaya, huandika RON kwenye pampu. Marekani na Kanada huandika wastani wa vipimo vyote viwili, unaojulikana kama AKI, na kwenye pampu zao hutambulishwa kwa maandishi (R+M)/2.

Namba 87 ya kitabu chako, kama gari liliundwa kwa ajili ya soko la Marekani, ni ya AKI, nayo ni sawa na takriban 91 au 92 kwa RON. Jaza 91 kwa amani. Hatari iko upande wa pili, na ningependa kila anayenunua gari la namna hiyo aijue: kitabu cha Kimarekani kikisema 91, kinataka petroli ya takriban 95 au 96 kwa RON, na mtu anayejaza 91 ya RON kwa kudhani kuwa namba zimelingana anaipa injini petroli dhaifu kuliko inayotakiwa. AKI ya 93 nayo hukaribia RON ya 98. Ukihitaji kukadiria haraka, ongeza 4 au 5 kwenye namba ya AKI.

Magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani yana habari yake. Kiwango cha Japani kinataka petroli ya kawaida isipungue 89 kwa RON, na ile ya daraja la juu isipungue 96. Gari la Kijapani lililopangiwa petroli ya kawaida litaridhika na 91, lakini lile ambalo kibandiko cha mlango wa tangi kinadai daraja la juu lisijazwe 91. Lipewe namba kubwa kabisa inayopatikana, kuanzia 95. Maandishi ya kibandiko yakiwa ya Kijapani, mwombe anayeyajua akusomee kabla ya kujaza kwa kubahatisha.

SWALI: Gari langu hugonga ninapopanda mlima, na hunyamaza ninapofika tambarare. Fundi mmoja amenishauri nitumie oktani kubwa, mwingine amesema injini ifunguliwe. Nimfuate yupi?

JIBU: Kabla ya kumfuata yeyote kati yao, hakikisha kwanza kwamba unachokisikia ni kugonga kwa mwako. Mlio wake ni mwembamba na wa chuma, kama kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo la bati, na hutokea injini inapobeba mzigo mkubwa kwa mizunguko midogo, kwa mfano unapokanyaga mafuta sana mlimani ukiwa katika gia kubwa. Ukiinua mguu kidogo hukoma mara moja. Mlio mzito unaofuata mizunguko ya injini hata gari likiwa limesimama mara nyingi hutoka kwenye beringi za krenki, na huo hauponywi na mafuta ya aina yoyote. Bati la kukinga joto la bomba la moshi likilegea nalo hutetemeka na kuwatia watu hofu bure.

Maelezo yako yanaelekea kwenye kugonga kwa mwako. Anza na lililo jepesi: linganisha petroli unayotumia na inayotajwa kitabuni, ukizingatia kipimo kama tulivyoeleza hapo juu. Ikiwa umekuwa ukijaza namba ndogo, panda hadi ile inayotakiwa, na ikiwa tatizo litaisha baada ya tangi moja au mawili, usiendelee kutafuta.

Ikiwa petroli ilikuwa sahihi tangu mwanzo, oktani kubwa zaidi inaweza kuunyamazisha mlio, lakini ugonjwa utabaki. Injini ambayo ilikuwa kimya kwa 91 miaka yote na sasa inagonga kwa 91 ileile imebadilika, na ni wajibu wa fundi kutafuta kilichobadilika. Katika injini iliyotembea sana, mshukiwa wa kwanza ni masizi yaliyojijenga juu ya pistoni na ndani ya silinda hedi, ambayo hupunguza nafasi ya kugandamizia na kuhifadhi joto. Mshukiwa wa pili ni mfumo wa kupoza: kiwango cha maji, thamostati, feni na rejeta vikaguliwe, kwa kuwa injini inayochemka kupita kawaida itagonga hata kwa petroli nzuri. Nozeli zilizoziba au mpira wa hewa uliopasuka huufanya mchanganyiko uwe na petroli kidogo na hewa nyingi, na mchanganyiko wa namna hiyo huongeza uwezekano wa kugonga. Plagi za kiwango cha joto kisichofaa, oili inayopenya kwenye ringi na kuungua, na taimingi ya cheche iliyowekwa mapema mno katika magari ya zamani yenye distribyuta, vyote vinaweza kuleta mlio huohuo. Kufungua injini ni hatua ya mwisho, baada ya hayo yote kukaguliwa.

Lipo na jambo la petroli iliyochakachuliwa. Mafuta ya taa na dizeli vina oktani ndogo mno, na kiasi kidogo kikichanganywa na petroli huishusha namba yake kwa namna ambayo injini huihisi. Ukiona kugonga kumeanza ghafla muda mfupi baada ya kujaza, pamoja na ugumu wa kuwaka au moshi usio wa kawaida, kumbuka ulijaza wapi na uhifadhi risiti. Wakati huo endesha kwa upole, ongeza petroli safi ya namba kubwa kutoka kituo unachokiamini, na mambo yakizidi kuwa mabaya tangi litolewe mafuta yote.

Tafadhali usiuzoee mlio huo. Kugonga kwa muda mfupi hakuleti madhara makubwa, lakini kule kunakoendelea kila siku hula uso wa pistoni, huvunja kingo zinazoshikilia ringi na hatimaye hutoboa gasketi ya silinda hedi. Ukisikia mlio mlimani, badili gia iwe ndogo na upunguze kukanyaga mafuta. Mizunguko ikipanda na mzigo ukapungua, kugonga hukoma.

SWALI: Gari langu lina turbo. Kitabu kinasema oktani 98 inapendekezwa na 95 inakubalika. Je, kuna tofauti gani kati ya kupendekezwa na kulazimika, na nifanye nini nikijikuta mahali penye 91 tu?

JIBU: Tofauti ni kubwa, na watengenezaji huyachagua maneno hayo kwa uangalifu. Namba ya lazima ni kiwango cha chini ambacho usalama wa injini umejengwa juu yake. Namba inayopendekezwa ni ile ambayo kwayo injini hutoa nguvu zote zilizotangazwa. Kati ya hizo mbili injini hujirekebisha.

Urekebishaji huo unategemea sensa ya kugonga, kifaa kidogo kilichofungwa kwenye mwili wa injini ambacho huhisi mtetemo wa masafa ya kugonga, hata ule ambao sikio halijausikia. Sensa ikihisi mtetemo, kompyuta huichelewesha cheche kwa digrii chache, shinikizo la juu kabisa ndani ya silinda hupungua, na kugonga hukoma. Kisha kompyuta huirudisha cheche mbele kidogo kidogo, ikiupima tena mpaka wa petroli iliyomo. Gharama yake ni kwamba cheche iliyochelewa hupoteza sehemu ya nguvu, huongeza joto la moshi unaotoka na huongeza matumizi ya mafuta. Mwaka 2017 AAA ilijaribu magari ambayo petroli ya daraja la juu inapendekezwa kwayo bila kulazimishwa, na ikaona ongezeko la wastani la asilimia 2.7 katika umbali kwa kila kipimo cha mafuta, na asilimia 1.4 katika nguvu. Faida ipo, lakini ni ndogo, na magari hayakufanana. Kwa safari za kawaida za mjini, 95 inakutosha. Ukibeba mzigo mzito, ukivuta tela au ukisafiri masafa marefu ya milimani katika joto kali, ningekushauri utumie 98.

Turbo hukazia jambo hili kwa sababu huishindilia hewa ndani ya silinda, na hewa iliyoshindiliwa huwa na joto kabla hata pistoni haijaanza kupanda. Injini za turbo za siku hizi nyingi hunyunyizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda, ambapo petroli ikigeuka mvuke huupoza mchanganyiko, na ndiyo maana zinaweza kuhimili uwiano mkubwa wa mgandamizo kuliko turbo za zamani. Nafasi ya kukosea, hata hivyo, ni finyu. Ukilazimika kujaza 91 katika gari ambalo kiwango chake cha chini ni 95, jaza kiasi kinachokufikisha kituo kinachofuata tu, usikanyage mafuta kwa nguvu, epuka mizunguko midogo chini ya mzigo, kisha jazia namba kubwa mapema. Oktani za petroli zikichanganywa hukaribia wastani: nusu tangi ya 91 ikijaziwa nusu ya 98 hutoa karibu 94 au 95.

SWALI: Ninahamia sehemu iliyo juu sana kutoka usawa wa bahari. Nimesikia kwamba huko naweza kutumia oktani ndogo. Ni kweli?

JIBU: Ilikuwa kweli kwa injini za kabureta. Hewa ya juu ni nyepesi, silinda hujaa kidogo, shinikizo hupungua na haja ya oktani hushuka; katika majimbo ya milima ya Marekani bado huuzwa petroli ya 85 kwa AKI kutokana na desturi hiyo. Kompyuta za magari ya sasa huitumia nafasi hiyo kwa kuitanguliza cheche, na turbo hurudisha shinikizo ambalo hewa nyepesi imeliondoa. Endelea na namba ya kitabu.

SWALI: Je, dawa za chupa za kuongeza oktani zinafaa? Na vipi kuhusu vidonge vya kufukuzia nondo ambavyo baadhi ya watu huvitia kwenye tangi?

JIBU: Dawa nyingi za chupa huongeza kidogo kuliko matangazo yanavyodokeza. Soma maandishi kwa makini, kwa sababu baadhi huhesabu “pointi”, na pointi 10 ni sawa na oktani 1 tu. Anayeahidi pointi 20 anaweza kukutoa 91 hadi 93. Zile zenye manganizi au chuma huacha utando kwenye plagi na zinaweza kuchafua kifaa cha kusafishia moshi. Kama pampu ya namba kubwa ipo karibu, kununua hapo ni salama zaidi. Vidonge vya nondo usivitie kabisa. Vya aina moja vina klorini ambayo huzaa asidi ndani ya injini, na vya naftalini, ingawa oktani yake ni kubwa, huweza kuganda tena na kuziba vichujio na nozeli.

SWALI: Ninalitunza gari la marehemu baba yangu, lililoundwa enzi za petroli yenye risasi. Nimpe fundi maagizo gani?

JIBU: Hongera kwa kulihifadhi. Risasi iliingia kwenye petroli baada ya Thomas Midgley na wenzake wa General Motors kugundua mwaka 1921 kwamba inazuia kugonga. Ilikuwa njia rahisi ya kupandisha oktani, na ilisambaza sumu inayodhuru ubongo wa watoto kwa miongo mingi, hadi Algeria ilipokuwa nchi ya mwisho kuacha kuiuza kwa ajili ya magari mwaka 2021. Hatuna sababu ya kuitamani tena.

Gari lako lina mambo mawili ya kushughulikia, na yasichanganywe. La kwanza ni oktani yenyewe, nayo hutatuliwa na petroli ya kisasa isiyo na risasi ya 95 au 98, kwa kutegemea uwiano wa mgandamizo. Injini nyingi za zamani za 8 kwa 1 au 9 kwa 1 hutosheka na 95, na fundi anaweza kuichelewesha taimingi kidogo kama bado zinagonga. La pili ni siti za valvu za moshi, yaani pete za chuma ambazo valvu hizo huzikalia zinapofunga. Risasi iliacha utando uliozilinda, na pasipo utando huo siti za chuma laini huliwa polepole, hasa gari likiendeshwa kwa mwendo mkubwa kwa muda mrefu. Oktani kubwa hailitibu tatizo hilo. Mwagize fundi apime nafasi za valvu kila anapolihudumia gari, na akiona zinaendelea kupungua, silinda hedi ishushwe na kuwekewa siti za chuma kigumu. Usishawishike kutafuta petroli ya ndege ndogo ambayo bado ina risasi: haikuruhusiwa kwa barabara, na sumu yake ni ileile.